Posho ya Tutaona

Neno makombo halina heshima. Ukitaka kumtibua mtu hapa mjini huna haja ya kumtukania mama yake. Mwambie tu kwamba anakula makombo ya watu, uone kama hamjakunjana mashati. Anayevaa suruali aliyoachiwa na kaka yake, anayefanya kazi aliyoikimbia mwenzake, anayeoa mwanamke aliyeachika, wote hao kijiweni kwetu tunasema wanakula makombo. Mimi mwenyewe nimeambiwa, tena si mara moja. Nilimaliza kidato cha nne, kazi ya maana sikupata, nalala kwa bibi yangu huku Ng'ambo, Tabora, na jioni nyingi nakula ugali ambao unga wake sikuununua mimi. Naandika riwaya kwenye kaunta buku. Washikaji wananiita "mwandishi", ila wakishaniita huwa wanacheka.

Sasa, ndugu msomaji, mtu wa namna hiyo akikuletea habari za mbwa na paka na vile wanavyolishwa majumbani mwetu, usikimbilie kusema: watu wenyewe hawajashiba, huyu anatuletea mambo ya mbwa! Ndiyo sababu hasa nayaleta. Nyumba yenye kushiba haina swali. Kinachobaki kinabaki, mbwa anakula, mambo yamekwisha. Swali linakuja kwenye nyumba kama yetu, ambamo sufuria hukwanguliwa mpaka ukoko na sahani hurudi jikoni hazina kitu. Hapo mbwa anakula nini? Na nani anaamua?

Nyumbani tuko sita: Bibi, Mjomba, mke wa Mjomba, watoto wao wawili, na mimi. Uani yuko Tutaona, mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Jina hilo alipewa na Bibi mwaka aliogombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja. Jirani alisema atamwonyesha. Bibi hakujibu kitu, ila alipoletewa mbwa mdogo akampa jina, na kila magharibi akawa anamwita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Tutaona! Tutaona wee!" Ndani yuko paka ambaye hana jina, maana Bibi anasema paka haitwi, anakuja mwenyewe akitaka.

Tutaona kazi yake ni usiku. Kuku wa Bibi wanalala salama kwa sababu yake, na baiskeli za wateja wa Mjomba, ambaye ni fundi baiskeli, zinalala uani bila mtu kuzigusa. Paka kazi yake ni magunia. Mahindi yakishavunwa na kuwekwa ndani, pasipo paka panya watakula nusu na nusu nyingine wataikojolea.

Basi utaratibu wa Bibi ni huu. Ugali ukiiva, kabla sinia halijafika mkekani, yeye huchota kwa mwiko tonge moja la kushiba mkono, akaliweka kwenye bakuli la bati. Juu yake anatia vichwa vya dagaa ambavyo alivikata mapema na kuvichemsha peke yake kwenye kopo, kabla dagaa wenyewe hawajakaangwa na vitunguu. Vichwa viwili vitatu vinakwenda kwa paka. Ndipo sasa sisi tunapakuliwa. Sinia likirudi tupu, limerudi, Tutaona ameshakula.

Jambo hilo Mjomba lilikuwa likimkera siku nyingi, na mwezi wa pili likafika shingoni. Wanaoishi Tabora wanaujua mwezi wa pili. Mvua zinanyesha, mahindi ya shambani bado mabichi, ya ghalani yamekwisha, na bei ya unga inapanda kila ukienda dukani. Jioni moja Mjomba alimtazama Bibi anachota tonge la mbwa, akaweka chini birika la kunawia.

"Mama, hivi kweli mbwa anatangulia kula kabla ya wanangu?"

"Simlishi," Bibi akajibu bila kugeuka. "Namlipa. Hiyo ni posho yake."

"Mbwa ana posho?"

"Ana kazi. Mwenye kazi ana posho."

Mjomba akasema kwamba kesho kutwa atampakia mbwa kwenye baiskeli akamwache huko porini njia ya Sikonge, ajitafutie. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akiangalia sinia: "Humu ndani midomo imezidi." Hakunitaja. Lakini ukihesabu midomo ya nyumba yetu na ukaondoa wa mwenye nyumba, wa anayeleta pesa, wa mkewe na ya wanawe, inabaki miwili. Mmoja ni wa mbwa.

Usiku ule sikuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa nalifikiria neno la Bibi, posho.

Siku hizi posho tunalisikia redioni wabunge wakibishana: posho ya kikao, posho ya safari. Waganda ugali wenyewe wanauita posho. Kenya mashine ya kusaga nafaka ni mashine ya posho. Lakini neno hili lilitembea sana kwa miguu kabla ya kufika bungeni, na njia yake ilipita hapa hapa. Mji huu, ambao Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 wakauita Kazeh, ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapa, watumwa walipita hapa, nguo na shanga zilipita hapa, na kilichopita kilipita mabegani mwa watu. Wanyamwezi walijulikana kote kwa upagazi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, miezi mfululizo. Na kila siku alikuwa na haki ya posho: kwa kawaida kibaba cha nafaka, au kipande cha merikani au shanga za kununulia chakula kijijini. Kiongozi wa msafara aliyecheza na posho alikuwa akijitafutia balaa, kwa sababu wapagazi walikuwa wanatua mizigo chini na kukataa kwenda, au wanatoroka usiku.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na upagazi wa njia ile ukafa. Neno likabaki. Angalia lilivyo: posho si mabaki ya chakula cha mkubwa. Ni kipimo kilichotengwa mapema kwa ajili ya mwenye kazi, msafara uwe na neema au uwe na njaa. Kwenye njaa ndipo posho inapojulikana kuwa ni posho.

Mbwa nao walipita njia za misafara. David Livingstone, ambaye alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwetu, mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, alikuwa zamani na mbwa mdogo aitwaye Chitane. Mbwa huyo alikufa maji Januari 1867, wakivuka bwawa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone aliandika kwamba Chitane alikuwa akikimbia kutoka mbele ya msafara mpaka nyuma kuangalia kama watu wote wanakuja, na wakipiga kambi hakuruhusu mbwa wa kijiji asogelee kibanda. Nilipoisoma habari ile nilimwona Tutaona mtupu, ila huyu wetu msafara wake ni kuku kumi na mmoja.

Kuna watakaoniuliza: bibi yako ni Mwislamu, swala tano, mbwa wa nini? Majirani nao walishamuuliza. Anawajibu kwamba mbwa wa ulinzi dini haikumkataza, na kwamba wale vijana waliolala pangoni, Watu wa Pango, walikuwa na mbwa wao mlangoni, ametajwa ndani ya Kurani. Lakini bakuli la Tutaona ni lake peke yake na halivuki kizingiti, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka ni mambo mengine. Paka akionja maji yako hayajaharibika. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mnyama mmoja anakula barazani na mwingine anakula uvunguni mwa meza, na wote wawili wamewekewa.

Mimi ni mtu wa kupenda kuhakikisha, basi nikaenda kusoma. Kumbe utaratibu wa Bibi una elimu ndani yake, ingawa yeye hajui habari za maabara. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wale wa nchi za baridi ambao ni ndugu zake wa damu. Waligundua kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kusaga wanga tumboni. Yaani mbwa amekaa na wakulima muda mrefu kiasi cha mwili wenyewe kubadilika, akaweza kula nafaka yetu. Wale wanaosema kumpa mbwa ugali ni kumdhulumu waelewe hivyo. Chakula cha mbwa cha kiwandani ni jambo la juzi tu. Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa mjini London miaka ya 1860. Kabla ya hapo mbwa wa dunia nzima, wa mfalme na wa maskini, alikula kilichotoka jikoni kwa watu.

Paka hakubadilika hivyo. Paka ni mla nyama mpaka leo, na kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake unahitaji kukipata ndani ya nyama au samaki. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka akikikosa macho yake yanaharibika. Mwaka 1987 wakaonyesha kwamba na moyo pia. Kwa hiyo paka wa kulishwa ugali mtupu, kama hapati panya wa kutosha, unampofusha polepole huku unadhani unamfuga. Vichwa viwili vya dagaa wa Kigoma si anasa.

Na vitunguu? Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa na ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Mchuzi wetu mtamu wenye vitunguu vitatu kwao si mtamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, ingawa hiyo mtaani kwetu haina nafasi ya kubaki. Ukitazama orodha hii utaona kwamba yule anayesubiri watu wamalize, kisha anamkusanyia mbwa kila kilichobaki sahanini, ndiye anayempa hatari zote kwa mkupuo mmoja. Bibi anayetenga mapema anaziepuka karibu zote.

Sasa nirudi kwenye ule mwezi wa pili, maana mambo hayakuishia kwenye maneno.

Kabla siku ya kumpeleka mbwa porini haijafika, Mjomba alikuja na debe la mahindi. Kuna mfanyabiashara alikuwa na magunia yaliyonyeshewa, akayauza kwa bei ya kutupa, akisema ni ya mbwa na kuku. Mjomba alifurahi. Aliona amepata dawa ya ugomvi: mbwa abaki, lakini ale haya, asiguse unga wa watoto. "Na yakipembuliwa vizuri," akamwambia mkewe, "hata uji yanatoa."

Mimi hupata kibarua kwenye mashine ya kusaga, mahindi nayajua. Nilipotia mkono ndani ya debe nilikuta punje zimeshikana, nyingine zina unga unga wa kijani, na harufu yake ilikuwa ya chumba kilichofungwa masika nzima. Nikamwita Bibi. Alichukua punje moja, akaivunja kwa kucha, akainusa.

"Mimi nitakula haya?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi na yeye hali. Yabebe, mume wangu, ukayamwage chooni."

Nikayamwaga debe zima. Mjomba aliporudi na kuambiwa, sitaki kuandika yote aliyosema. Ilikuwa pesa yake, ilikuwa jasho lake, na siku mbili alikula peke yake barazani bila kusema na mtu.

Wiki haikwisha. Mtaani kwetu mbwa mmoja akakataa kula. Akatapika, akalala chini ya mwembe, na weupe wa macho yake ukageuka manjano kama bizari. Akafa. Wa pili akafuata, na wa tatu. Watu wakaanza kusema kuna mtu anawategea sumu. Bwana mifugo akaitwa, akatazama ufizi wa yule wa tatu kabla hajafa, akauliza swali moja tu: wamekula nini? Wote watatu walikuwa wamelishwa yale mahindi. Akasema dalili zote zinaelekea kwenye sumukuvu.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Inashambulia ini. Haifi kwa kupikwa. Ukisonga ugali, ukichemsha uji, yenyewe imo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo mashariki ya Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu takribani 20 huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao hawakuwa wajinga. Walikula mahindi waliyokuwa nayo.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu nilimkuta mama mmoja amekaa kizingitini, ungo mapajani. Alikuwa amenunua yale yale, akampa mbwa wake kwanza, naye mwenyewe akawa amepembua nusu iliyokuwa na sura nzuri. Ilikuwa imeshatwangwa. Kesho yake asubuhi watoto wake wanne walikuwa wakanywe uji. Hakuwa analia. Aliniomba tu nimsaidie kuchimba shimo, na nilipomuuliza shimo la mbwa au la unga, akasema yote mawili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilitaka kuandika habari hii. Kwenye nyumba za watu wa hali yetu, safari kutoka bakuli la mbwa mpaka sahani ya mtoto ni fupi sana. Kinachoitwa "cha mbwa" mwezi wa kumi, mwezi wa pili kinapembuliwa kinakuwa cha mtu. Bibi alipokataa Tutaona asile kitu ambacho yeye mwenyewe asingekula, mpaka aliouweka ulikuwa wa kumlinda mbwa, lakini nyuma ya mpaka ule tulikuwa tumesimama sisi wote.

Mjomba hakuomba radhi. Wanaume wa ukoo wetu hawana ufundi huo. Ila Jumamosi alirudi na kifurushi cha dagaa, akakiweka jikoni, akasema, "Vichwa ni vya huyo mlinzi wenu." Habari za Sikonge hazikuzungumzwa tena. Lile neno lake la midomo bado hajalifuta, na mimi sijamdai. Siku nikipata kibarua naleta kilo moja mbili za unga, naziweka mahali anapoziona. Siku nisipopata, nachelewa kurudi kwa makusudi, wale kwanza.

Lakini hata nikichelewa vipi, nakuta sahani yangu imefunikwa. Bibi ameitenga kabla ya kupakua, na juu yake ameweka sahani nyingine iliyogeuzwa. Mshikaji wangu mmoja aliwahi kunifuata usiku, akanikuta nakula peke yangu kwa mwanga wa kibatari, akanitania: "Mwandishi, makombo hayo?" Zamani ningekasirika. Siku hiyo nilimkaribisha tu anawe mikono. Makombo ni kilichobaki watu waliposhiba. Hiki kiliwekwa wakati hakuna aliyeshiba bado, na mtu aliyekiweka alikuwa ananifikiria mimi. Hivyo ni vitu viwili, hata kama ugali ni mmoja.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayesoma haya, kama kwenu kuna mbwa, mtengee kabla hamjapakua, hata kama ni tonge dogo. Mbwa asiyepewa kitu nyumbani atalifuata jalala, na huko atakutana na mbwa wasiojulikana watokako. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina dawa, kwa hiyo siku ya chanjo mpeleke. Paka mpe samaki au nyama kidogo. Vitunguu na mifupa ya kuku usiwape. Mahindi yaanikeni juu ya turubai, si chini ya udongo, na yakiota kuvu yamwageni. Msimpe mbwa, msimpe kuku, wala msiyapembue.

Na kama kwenu kuna mtu ambaye bado hajapata kazi, naye usiku anachelewa kurudi na mnajua kwa nini anachelewa, mfunikieni sahani yake.